Niliibiwa Simu, Karatasi Ikasema Nimeipoteza: Historia ya Kupima Kazi ya Polisi

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na sababu mojawapo ni kwamba simu yangu ilinyakuliwa. Nilikuwa kwenye matatu, foleni imesimama, dirisha wazi, mimi nasoma ujumbe. Mkono ukaingia, simu ikatoka. Nilimwona kijana mwenyewe akipotelea katikati ya magari. Kondakta akaniambia, "Pole boss, hapa huwa tunafunga dirisha." Ushauri mzuri, ila ulichelewa kwa sekunde tano hivi.

Kesho yake nikaenda kituo cha polisi, ambacho sitakitaja, kuchukua abstrakti, maana kitambulisho changu kilikuwa ndani ya kifuko cha simu. Afisa alikuwa mpole sana. Alinisikiliza hadi mwisho, akaandika kwenye OB, akanipa karatasi yangu. Nilipofika nje nikaisoma: simu na kitambulisho "vimepotea". Nikarudi ndani. "Afande, mimi sikupoteza kitu, niliibiwa." Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni wa jiji. Akanieleza kwamba nikitaka iandikwe wizi, itabidi faili ifunguliwe, niandikishe taarifa, nimsubiri mpelelezi, nirudi siku nyingine. Lakini kama shida yangu ni kitambulisho tu, "imepotea" inatosha na naweza kwenda nyumbani sasa hivi.

Nikaenda nyumbani.

Njiani ndipo akili ya mwandika programu ilipoanza kunisumbua. Wizi wangu umeenda wapi? Kila mwaka Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, huchapisha idadi ya makosa yaliyoripotiwa kwa polisi, na chanzo cha idadi hiyo ni rekodi za polisi wenyewe. Katika hesabu hiyo mimi si mtu aliyetendewa uhalifu. Mimi ni raia mzembe anayeangusha vitu ovyo. Na iwapo kuna mtu mahali fulani anayegawanya gharama ya kuendesha kituo kile kwa uhalifu wa eneo lile, basi kituo kimeonekana kizuri kidogo zaidi kwa sababu yangu. Ubaya ni kwamba nilikubali mwenyewe! Afisa alifaidika, mimi nilifaidika, kilichopata hasara ni ukweli tu, na ukweli hauna foleni ya kupanga kituoni.

Basi nikaanza kusoma. Swali langu lilikuwa jepesi: pesa zinazotumika kwa polisi zinanunua nini, na mtu atajuaje? Nilidhani ni swali la enzi za kompyuta. Kumbe lina zaidi ya miaka 200.

Tuanzie London, mwaka 1798, kwenye mto Thames. Wakati huo meli zilizojaa sukari, ramu na kahawa kutoka visiwa vya Karibi zilikuwa zikirundikana mtoni kusubiri kupakuliwa, na shehena zilikuwa zikipungua kabla ya kufika ghalani. Hakimu mmoja Mskoti aliyeitwa Patrick Colquhoun, ambaye zamani alikuwa mfanyabiashara, akakaa chini akafanya kitu ambacho leo tungekiita lahajedwali. Alikadiria kwamba wizi mtoni unawagharimu wafanyabiashara takriban pauni 500,000 kwa mwaka. Alikadiria pia kwamba kati ya makuli 33,000 wa mtoni, 11,000 walikuwa wahalifu. Kisha akawaendea wafanyabiashara wa Karibi na pendekezo: nipeni pesa niunde kikosi cha polisi wa mto.

Wakampa. Kikosi kilianza kazi tarehe 2 Julai 1798 pale Wapping, kikiwa na watu kama 50, kwa gharama ya kuanzia ya pauni 4,200. Wenzake wakuu walikuwa John Harriott, aliyewahi kuwa baharia, na mwanafalsafa Jeremy Bentham, aliyesaidia upande wa sheria. Baada ya mwaka mmoja Colquhoun akatoa ripoti: kikosi kimeokoa shehena ya thamani ya pauni 122,000. Piga hesabu mwenyewe. Kila pauni moja imerudisha pauni 29! Hakuna mwekezaji Nairobi ambaye angekataa mradi wa namna hiyo. Bunge pia halikukataa: mwaka 1800 likapitisha sheria, na kikosi cha wafanyabiashara kikawa cha serikali.

Sasa, mimi nimewahi kuandika ripoti za namna hii kwa wateja, kwa hiyo naomba tuitazame polepole. Hasara ya kwanza, ile nusu milioni, ilikuwa makadirio ya Colquhoun. Hapakuwa na daftari la wizi wa mtoni ambalo mtu mwingine angeweza kulifungua na kulinganisha. Kilichookolewa nacho kikakadiriwa na upande huohuo. Yaani mtu anayeomba fedha ndiye aliyepima ugonjwa, akauza dawa, kisha akatangaza mgonjwa amepona. Sisemi alidanganya. Inawezekana kabisa wizi ulipungua sana, maana ukiweka watu 50 wenye mashua mahali ambapo hapakuwa na mtu, lazima kitu kitabadilika. Nasema tu kwamba kwa namba zile huwezi kujua ni kwa kiasi gani.

Halafu kuna jambo la kina zaidi: wizi ni nini? Kwa miaka mingi makuli wa Thames walikuwa wakichukua sukari iliyomwagika kwenye sakafu ya meli, na wapakuzi wa makaa walikuwa wakienda nyumbani na makaa kidogo. Wao waliliona hilo kuwa sehemu ya ujira wao, desturi waliyoikuta. Colquhoun akaliita wizi. Ukibadilisha maana ya neno, idadi inabadilika hata kama hakuna mtu aliyebadilisha tabia. Oktoba 1798, wapakuzi wawili wa makaa na kijana mmoja wa mlinzi walipotozwa faini ya shilingi 40 kila mmoja kwa kuchukua makaa, umati wa watu wapatao 2,000 ulizingira ofisi ya polisi ya Wapping ukitaka kuichoma moto, polisi wakiwa ndani. Mtu mmoja wa kikosi, Gabriel Franks, akauawa. Kifo chake hakimo katika zile pauni 4,200. Wala haumo ujira ambao makuli waliupoteza. Na kwa kuwa tunazungumzia mali ya wizi: sukari yenyewe ililimwa na watumwa, jambo ambalo halikuwa na safu katika jedwali la mtu yeyote pale Wapping.

Mwaka 1829 Robert Peel akaanzisha polisi wa London, na maagizo ya kwanza yalisema kazi yao kuu ni kuzuia uhalifu usitokee. Wazo zuri, lakini kwa mtu wa takwimu ni balaa. Utahesabuje kitu ambacho hakikutokea? Askari akizunguka mtaa usiku kucha na asubuhi hakuna aliyeibiwa, je, ni yeye aliyezuia, au wezi walikuwa wamelala?

Kwa zaidi ya miaka 100 jibu lilikuwa la imani: doria inazuia uhalifu, kwa hiyo ongeza doria. Magari yalipokuja, doria ikawa ya magari. Huko Marekani, mwaka 1930, FBI ilianza kukusanya takwimu za makosa kutoka vituo vya nchi nzima, lakini hizo zilikuwa namba za kile ambacho kituo kiliamua kuandika. (Mnakumbuka karatasi yangu.)

Mtu wa kwanza kuijaribu imani hiyo kisawasawa alikuwa polisi. Nalipenda sana jaribio hili, kwa hiyo nivumilieni. Katika jiji la Kansas City, jimbo la Missouri, mkuu wa polisi Clarence Kelley alikubali jambo ambalo wakuu wengi wangelikimbia. Akishirikiana na shirika la utafiti lililoitwa Police Foundation, na mtafiti George Kelling akiwa kiongozi wa utafiti, walichukua maeneo 15 ya doria upande wa kusini mwa jiji wakayagawa mafungu matatu. Katika maeneo matano doria iliondolewa kabisa. Gari la polisi lingeingia tu likiitwa. Katika matano mengine doria ikabaki kama kawaida, gari moja. Katika matano ya mwisho ikaongezwa mara mbili hadi tatu. Wakazi hawakuambiwa. Walianza Julai 1972, wakasimamisha mwezi uliofuata kwa sababu mambo hayakufuatwa kama yalivyopangwa, wakaanza upya tarehe 1 Oktoba 1972 na kuendelea mwaka mzima. Anayeandika programu anaijua hali hiyo: jaribio la kwanza huvunjika siku zote, na aliye mwaminifu huanza upya badala ya kupaka rangi.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni namna walivyopima. Hawakutegemea vitabu vya polisi peke yake. Walituma watu wakabishe hodi kwa wakazi na wafanyabiashara na kuwauliza: je, umeibiwa? Umevunjiwa nyumba? Unaogopa kutoka usiku? Ulitoa taarifa au hukutoa? Mtu aliyekuwa kwenye hali yangu angehesabiwa, haidhuru karatasi yake ilisema nini.

Ripoti ilitoka mwaka 1974. Kati ya mafungu yale matatu hapakuwa na tofauti ya maana katika uhalifu, wala katika hofu ya watu, wala katika maoni yao juu ya polisi. Wengi hata hawakutambua kwamba doria imeongezwa au imeondolewa.

Unaweza kuwazia kelele zilizofuata. Wengine wakasema basi polisi hawana faida, jambo ambalo ripoti haikusema. Wengine wakasema, na hapa wana haki, kwamba maeneo 15 ni machache, na kwamba hata yale "yasiyo na doria" yaliona magari ya polisi yakija na ving'ora kila yalipoitwa. Kwa maoni yangu jaribio lilionyesha jambo moja dogo na la maana: kuzungusha magari huku na huko bila shabaha, kwa gharama yote ya petroli na mishahara, hakukuonyesha faida ambayo kila mtu alikuwa akiiapia. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti Lawrence Sherman na David Weisburd walikwenda Minneapolis wakiwa na swali lililobadilishwa. Takwimu za simu za polisi huko zilionyesha kwamba asilimia 3 tu ya anwani za jiji ndizo zilizozaa nusu ya simu zote. Wakachukua sehemu 110 zenye matatizo, nusu wakaziongezea doria, nusu wakaziacha. Safari hii tofauti ilionekana, si kubwa sana, lakini ilionekana. Kumbe suala si kiasi cha doria tu, ni mahali inapokwenda.

Hapo ndipo kompyuta zinapoingia, na ndipo hadithi inapoharibika.

Jack Maple alikuwa luteni wa polisi wa treni za chini ya ardhi mjini New York, mtu mnene aliyependa tai ya kipepeo na kofia ya kizamani. Alichora ukutani ramani za njia zote za treni, akatia alama kwa rangi kila mahali abiria alipoporwa. Bosi wake, William Bratton, alipofanywa kamishna wa polisi wa jiji zima Januari 1994, akaenda naye kama naibu. Mwaka huohuo wakaanzisha mfumo ulioitwa CompStat. Inasemekana jina lilitokana na jina la faili la kompyuta lenye maana ya "linganisha takwimu". Hesabu herufi zake: nane kamili, kiwango cha mwisho cha jina la faili katika DOS! Ramani zilichorwa kwa programu ya MapInfo, na asubuhi na mapema makamanda wa vituo waliitwa makao makuu, mmoja baada ya mwingine, kusimama mbele ya wakubwa huku ramani ya eneo lake ikiwa kwenye skrini. Mbona magari yanaibwa mtaa huu? Umefanya nini tangu wiki iliyopita? Asiye na jibu alipoteza cheo.

Na uhalifu ulishuka kwa kiasi ambacho hakuna aliyekitarajia. Mwaka 1990 New York ilikuwa na mauaji 2,245. Mwaka 1993 yalikuwa 1,946. Mwaka 1998 yalikuwa 633. Dunia nzima ikaja kunakili. Lakini tazama vizuri: kushuka kulianza kabla ya CompStat, na miji mingine ya Marekani iliyokuwa na mbinu tofauti nayo ilishuka katika miaka hiyo.

Sasa nikiri jambo. Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo, kampuni ilianza kutupima kwa idadi ya hitilafu tulizofunga kila wiki. Mwezi wa kwanza tulifunga nyingi kwa kuzirekebisha. Mwezi wa tatu tulikuwa tumejifunza kuandika "haijirudii", "ni nakala ya nyingine", "mtumiaji amekosea". Grafu ilikuwa nzuri mno. Wateja walikuwa wakipiga simu kwa hasira, lakini simu hazikuwa kwenye grafu. Hakuna aliyetuambia tudanganye. Tulibanwa na namba, na sisi ndio tulioshika kalamu.

New York ilikuwa vivyo hivyo, kwa ukubwa wa jiji. Mwaka 2010 watafiti John Eterno, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa kapteni wa polisi hao, na Eli Silverman, walitoa matokeo ya maswali waliyowauliza maafisa wastaafu wa ngazi ya kapteni na kuendelea. Zaidi ya 100 walisema shinikizo lile lilifanya baadhi ya wakubwa wachezee takwimu. Njia mojawapo ni tamu kwa sisi watu wa mtandao: huko, kuiba mali ya zaidi ya dola 1,000 ni kosa kubwa na linaingia kwenye hesabu ya CompStat. Basi watu walikuwa wakiingia eBay kutafuta bei ya chini ya kitu kilichoibiwa, ili thamani ishuke chini ya dola 1,000 na kosa liwe dogo. Mwizi hajabadilika, mali haijarudi, lakini uhalifu umepungua kwa kutafuta mtandaoni!

Askari mmoja wa Brooklyn, Adrian Schoolcraft, alirekodi kwa siri mazungumzo ya kituoni mwake mwaka 2008 na 2009, yakiwemo maagizo ya kutopokea malalamiko fulani na ya kutimiza idadi ya watu wa kusimamishwa barabarani. Usiku wa tarehe 31 Oktoba 2009 wakubwa wake walimfuata nyumbani, wakamtoa kwa nguvu, na akawekwa wodi ya wagonjwa wa akili kwa siku sita. Mwaka 2015 jiji lilikubali kumlipa dola 600,000 kumaliza kesi. Hiyo nayo ni gharama ya polisi, na sijui ingewekwa safu gani.

Idadi ya kusimamishwa ndiyo iliyowaumiza watu wengi zaidi. Mwaka 2002 polisi wa New York waliandika visa 97,296 vya kusimamisha watu barabarani. Mwaka 2011 vilikuwa 685,724. Wengi mno walikuwa vijana weusi na wa asili ya Amerika ya Kusini, na karibu tisa katika kila kumi waliachiwa bila kukutwa na kosa. Kwenye ramani ya kamanda kila kisa ni dalili ya bidii. Kwa kijana aliyebanwa ukutani mara ya nne mwezi huo ni kitu kingine kabisa. Agosti 2013 Jaji Shira Scheindlin aliamua kwamba jinsi zoezi lilivyokuwa likifanywa ilivunja katiba. Mwaka 2014 visa vilivyoandikwa vilikuwa chini ya 50,000. Waliotabiri damu barabarani walingoja: mauaji yalikuwa 515 mwaka 2011, yakawa 333 mwaka 2014, na 292 mwaka 2017. Mwaka 2020 yalipanda hadi 468, kama yalivyopanda katika miji mingi ya Marekani, kwa hiyo nawaomba msichukue mstari mmoja wa grafu mkaufanya dini.

Je, basi New York yote ilikuwa uongo? Hapana, na hapa namshukuru profesa wa sheria Franklin Zimring. Badala ya kubishana na vitabu vya polisi, alitafuta vitabu ambavyo polisi hawavigusi. Vifo vya kuuawa huandikwa pia na idara ya afya, maana maiti haiwezi kuandikwa "imepotea". Wizi wa magari huandikwa na kampuni za bima, ambazo hazilipi bila kuchunguza. Alipolinganisha, mistari ilishuka pamoja. Kushuka kulikuwa kwa kweli. Makosa madogo, ambayo hakuna mwingine anayeyahesabu, ndiyo yaliyokuwa rahisi kuchezewa, na kamati iliyoundwa na kamishna wa polisi mwenyewe ilisema mwaka 2013 kwamba uandishi usio sahihi ungeweza kubadilisha baadhi ya takwimu kwa kiasi kinachoonekana.

Simu ya kunyakuliwa kwenye matatu ni kosa la aina hiyohiyo. Haina maiti, na kwa wengi wetu haina bima. Kitabu ni kimoja tu, na anayekiandika ndiye anayepimwa.

Kwa hiyo nina ombi. Kama uliwahi kunyakuliwa simu au pochi na ukaenda kuchukua abstrakti, itoe kwenye droo uisome leo. Imeandikwa "kuibiwa" au "kupotea"? Niambie kwenye maoni hapa chini, pamoja na mwaka tu. Usitaje kituo wala afisa. Nitajumlisha niwaletee idadi mwisho wa mwezi. Nimeshajihesabu mimi: moja, kupotea.